Nikatie za Buku

Mkasi wa duka letu ulifungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kaunta, maana mikasi ya Newala ina miguu. Ulikuwa mkasi wa fundi cherehani, mzito, mpini mmoja umezungushiwa plasta. Kazi yake ilikuwa kukata dawa. Mteja anaingia, anasema, "Dokta, nikatie rangi mbili za buku," yaani kapsuli za antibaiotiki za shilingi elfu, nami nakata: vidonge sita, vinne, siku nyingine viwili. Jina la dawa na tarehe ya kuisha muda huwa zimepigwa chapa pembeni mwa karatasi ya vidonge, kwa hiyo kipande chenye maandishi kilibaki kwangu, mteja akaondoka na kipande kisichosema chochote. Nilikitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, nikaandika 1x3. Ya siku ngapi? Hapo sikuandika. Vidonge sita kwa hesabu hiyo ni siku mbili, na sote wawili tulijua, mimi na yeye.

Udokta huo walinipa wao. Mimi nilianza kama mhudumu wa afya, nikapitia mafunzo ya wiki chache ya watoa dawa, nikapata cheti, nikaajiriwa kwenye duka la dawa muhimu. Mpango wa maduka haya ulianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma, Songea, mwaka 2003, na nia yake ilikuwa njema: yale maduka ya dawa baridi yaliyouza kila kitu kiholela yawekwe kwenye mstari, muuzaji afundishwe, na mtu wa kijijini apate amoksilini ya kweli bila kupanda basi. Nia hiyo niliijua vizuri. Niliiandika kwenye mtihani nikapata vema. Kisha nikarudi kaunta nikashika mkasi.

Corona ilipotangazwa kuingia nchini tarehe 16 Machi 2020, huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde ilikuwa habari ya redio. Ndimu na tangawizi zikapanda bei, watu wakaanza kujifukiza, nasi dukani tukaulizwa barakoa ambazo hatukuwa nazo. Haikupita muda, WhatsApp ikaleta sauti ya mtu asiyejitaja jina: dawa imepatikana, hata rais wa Marekani kaisema. Hapo hakudanganya. Tarehe 21 Machi Trump aliandika mtandaoni akisifia haidroksiklorokwini ikichanganywa na azithromisini, akiegemea utafiti mdogo uliofanywa Marseille, Ufaransa, kwa wagonjwa wachache mno. Ya kwanza hatukuwa nayo. Ya pili tulikuwa nayo.

Azithromisini ni antibaiotiki, dawa ya kuua bakteria, na ni ya kuandikiwa cheti. Mtu wa ngazi yangu hakutakiwa kuigeuza bidhaa ya kaunta. Tajiri akaleta boksi, tukaliweka droo ya chini kabisa, ilipokaa khanga yangu ya kubadilisha. Wateja waliiita "ya vitatu", maana pakiti ina vidonge vitatu, kimoja kwa siku, siku ya tatu umemaliza. Mtu aliyezoea kumeza asubuhi, mchana na jioni hadi akasahau, akiona dozi ya siku tatu anaiona ya kisasa. Wengine hawakuwa wanaumwa kabisa. Walitaka kuwa nayo ndani, kama mtu anavyoweka betri za tochi.

Mapema Mei hesabu ya nchi ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kwa muda mrefu hesabu zikanyamaza. Kwa hiyo ulipofika Juni, kikohozi cha Newala kilikuwa hakina jina.

Na Juni huku ni mwezi wa salfa. Asiyewahi kuishi kwenye mikorosho nimweleze: miti ikianza kuchipua na kutoa maua, wakulima wanapuliza unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Wanapuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili vumbi lishike. Ukitoka nje saa kumi na mbili kuna ukungu wa baridi na ukungu wa salfa, huwezi kusema upi ni upi ila kwa pua. Mji mzima unanuka kiberiti. Na mji mzima unakohoa, kila mwaka, corona iwepo isiwepo.

Mjomba mmoja aliingia dukani asubuhi ya baridi. Hatuna undugu, lakini mtu wa umri ule huku ni mjomba. Nyusi zake zilikuwa njano. Kwenye mikunjo ya shingo kulikuwa na mstari wa unga, kama mtu aliyepakwa sandali. Alikohoa hadi akashika kaunta.

"Shikamoo mjomba. Pole."

"Marahaba, dokta. Hii si yenyewe hii? Nipe ile ya vitatu."

Nikampa. Sikumuuliza neno. Nyuma yake walikuwepo watu wanne, wote wamejitanda vitambaa midomoni wakimtazama kwa jicho la pembeni, na mimi nilitaka aondoke upesi. Siku ya nane akarudi, akanunua tena. Mara ya tatu alikuja binti yake, akasema baba halali tena chali, anakaa kitako usiku kucha na kifua kinapiga filimbi. Ndipo swali likanitoka, lile lililotakiwa kutangulia: baba anafanya kazi gani siku hizi? Anapuliza, akasema. Mashamba ya watu, kwa ujira, tangu mwisho wa Mei, fulana imefungwa puani.

Ilikuwa pumu. Alipelekwa zahanati, akaelekezwa hospitali, akapewa dawa ya kuvuta, akakatazwa mashine ya kupulizia. Mtu anayeumwa salfa mimi nilimpa dozi mbili za azithromisini kwa pesa ile ile ya kupulizia.

Nimeambiwa mara nyingi, kwenye semina na kwenye mabango, kwamba tatizo ni wananchi kujinunulia dawa bila ushauri. Bango linaonyesha mtu ana vidonge mkononi. Sijaona linaloonyesha mkasi. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba siku itafika penisilini itanunuliwa dukani, na mtu asiyejua atameza dozi pungufu, awazoeshe vijidudu dawa badala ya kuwaua. Duka alilolisema ndilo hili letu. Ila naye alimtaja mnunuzi, muuzaji akampita.

Nami najua kwa nini niliuza. Mtu akija na hofu, ukamwambia kapumzike, kunywa maji, jifukize, ukiona pumzi inakata nenda hospitali, hapo umemuuzia nini? Umetumia dakika kumi na droo ya pesa haijafunguka. Jioni tajiri anahesabu. Panadol haibebi pango la duka. Antibaiotiki ndizo zinazobeba. Na ukimkatalia wewe, duka la pili liko hatua hamsini, anakwenda, anapewa, anapona (maana wengi wa wagonjwa wale wangepona hata kwa uji) na kesho anatangaza kwamba kule ndiko kuna dokta. Kusema hapana kuna gharama, na gharama yake hulipa aliyesema.

Desemba ya mwaka huo Waingereza walitangaza matokeo ya jaribio lao kubwa hospitalini, lile lililopewa jina la RECOVERY. Zaidi ya wagonjwa elfu saba waliingizwa kwenye sehemu ya azithromisini, na dawa haikupunguza vifo hata kidogo. Nilikuja kulijua hilo mwaka uliofuata, kwa mfamasia mmoja aliyepita kukagua. Desemba yenyewe nilikuwa naagiza boksi la tatu.

Februari 2021 ikampata mama yangu.

Wakati huo neno lililosemwa lilikuwa "nimonia", au "changamoto ya kupumua". Mama alianza na homa, siku ya tano akawa anamaliza sentensi kwa mafungu mawili. Ya vitatu alikuwa ameshameza; nilimpa mimi mwenyewe, siku ya kwanza. Tukampeleka hospitali kubwa mjini Mtwara, sitaitaja ni ipi. Njia nzima dereva alifungua vioo vyote, mama kajifunika khanga mbili, na kila tukikaribia kituo cha ukaguzi ananiambia nimfute jasho asionekane mgonjwa.

Wodini nilikaa naye siku tisa, ndugu wengine wakizuiwa nje. Nina jicho la muuza dawa, siwezi kuacha kusoma chupa za watu. Kitanda cha mama: seftriaksoni ya mshipa, nayo ni antibaiotiki, azithromisini, deksamethasoni, sindano ya kuzuia damu kuganda. Kitanda cha pili: hivyo hivyo. Cha tatu, cha nne, hadi dirishani, hivyo hivyo. Muuguzi alipita na trei moja ya sindano zilizokwishavutwa tayari, anachoma kama anayegawa mchele msibani, mkono mmoja baada ya mwingine. Kilichokuwa hakitoshi ni mitungi ya oksijeni. Usiku ukisikia gurudumu la mtungi kwenye sakafu kila mtu anainua kichwa aone unaelekea kwa nani.

Nilimuuliza daktari. Kijana tu, macho mekundu, barakoa imemchora mstari shavuni. Nikamwambia mimi niko kwenye duka la dawa, nataka kuelewa, hii seftriaksoni ni ya nini kama ugonjwa ni wa kirusi?

Akaniangalia kidogo, pengine akipima kama namtega. "Dada yangu," akasema, "picha ya kifua inanionyesha mapafu meupe. Nani kayafanya meupe, haisemi. Maabara ikinipa jibu la makohozi ni baada ya siku tatu, na leo hata vifaa vya kuoteshea hakuna. Nikimnyima, halafu ikawa kuna bakteria amepanda juu ya kirusi, nitawaambia nini nyie?"

Sikuwa na la kumjibu. Ni hofu ile ile ya kaunta yangu, imevaa koti jeupe. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu: wapo wachache ambao bakteria huwavamia kweli, na ukimkosa huyo umemzika. Mimi sababu yangu ilikuwa droo.

Mama alipona. Hadi leo ukimuuliza anakwambia ni ile sindano ya mshipa iliyomtoa, anakuonyesha na mahali ilipochomwa. Sibishani naye. Nikifikiri mwenyewe naona ni oksijeni, na deksamethasoni, ile dawa ya bei ndogo ambayo Waingereza hao hao walionyesha Juni 2020 kwamba inapunguza vifo vya wanaohitaji oksijeni. Lakini nenda kamwambie mtu aliyeona kifo kwamba kilichomponya ni hewa.

Chanjo zilipoanza mwishoni mwa Julai mwaka ule alichanja. Hilo lilipita bila hadithi.

Hadithi ilikuja mwaka 2022, kwa mlango mwingine kabisa. Mama akaanza kulalamika mkojo unamchoma, homa za jioni, kiuno. Watu wakasema UTI sugu, neno ambalo siku hizi kila mtu analo mdomoni. Tukampa hiki, tukampa kile; zahanati wakamchoma sindano siku tano, homa ikashuka, wiki mbili ikarudi. Mwisho tukarudi Mtwara, na safari hii daktari aliagiza mkojo uoteshwe kabla ya kumpa kitu chochote. Tukasubiri.

Nilichopewa ni karatasi nusu. Kushoto majina ya dawa, kulia herufi. Ukiona S, dawa inamuua mdudu huyo. Ukiona R, mdudu anaicheka. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye korido. Ampisilini R. Septrini R. Siprofloksasini R. Seftriaksoni R. Nilishuka na kidole kama ninavyoshuka kwenye daftari la stoo, maana yalikuwa majina yale yale ya shelfu yangu, na pembeni ya kila moja mtu kaandika R kwa kalamu ya bluu. Karibu na mwisho kulikuwa na S: nitrofurantoini, kidonge cha zamani sana ambacho kwetu kilikuwa kinakaa hadi kinaisha muda, kwa sababu hakina sifa na kinageuza mkojo rangi ya chai. Ndicho kilichomponya, kwa kiasi cha pesa ambacho nisingesumbuka kukiandika kwenye hesabu.

Bakteria hana cheti cha kuzaliwa. Siwezi kusema huyu alifundishwa usugu na zile sindano za wodini, au na mkasi wangu, au alitoka kwa kuku wa jirani anayelishwa dawa za madukani. Lakini nilikuwa nimejua miaka yote kwamba usugu upo, kama ninavyojua kwamba mwezi upo. Siku ile ulikuwa kwenye mkojo wa mama.

Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu zake. Katika wagonjwa wa corona waliolazwa, kwenye nchi 65, karibu asilimia 75 walipewa antibaiotiki. Waliokuwa na bakteria wa kuhitaji dawa hizo walikuwa asilimia 8. Afrika walipewa asilimia 83. Niliisoma kwenye simu nikiwa dukani, nikakumbuka ile trei. Hesabu hiyo ni ya waliolazwa tu. Ya droo ya chini hakuna aliyeihesabu.

Nilitaka kuacha kazi, sikuacha; nina watoto wawili shule. Nilichofanya ni kumwambia tajiri kwamba antibaiotiki sikati tena. Panadol nitakata, hata kimoja kimoja. Aligomba wiki nzima. Kisha tukapatana: dawa nzima au hakuna, na asiye na pesa yote, kama dawa inamfaa kweli, ataandikwa kwenye daftari la madeni kwa jina langu mimi. Mauzo yalishuka, sitadanganya. Wateja wengine walihamia zile hatua hamsini, na mmoja aliniambia nimekuwa na maringo tangu nifike Mtwara.

Kueleza nako nimejifunza taratibu, kwa kukosea. Nilianza na maneno ya semina, vimelea, usugu, matumizi sahihi. Macho ya watu yakafunga. Siku moja nikamwambia mama mmoja wa shamba: salfa inamfanya nini mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi? Akacheka. Haimfanyi kitu, ile ni ya ubwiriunga, mbu ana dawa yake ya maji. Basi, nikamwambia, mafua yako ni mbu, na hiki unachokitaka ni salfa. Akarudisha pesa kwenye pindo la khanga. Na akaongeza mwenyewe, sikumfundisha: kwamba anayepuliza mstari mmoja akaacha mitatu, kazi bure. Huku kila mtu ana digrii ya mikorosho. Nilikuwa nahangaika na mabango bure.

Wapo wanaohitaji, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi sasa, kwa sababu aliyezoea kusema hapana naye anaweza kunogewa. Oktoba iliyopita aliingia binti wa kama miaka ishirini, mtoto wa miezi minane kambeba mgongoni. Mtoto anakohoa siku tatu, ananyonya lakini anaachia achia. Nikamwambia amshushe, amkalishe mapajani, amnyonyeshe kidogo atulie. Nikaweka simu kwenye kaunta, saa ya kuhesabu, nikapandisha kishati. Dakika nzima. Watu wamejaa nyuma, mmoja anagonga sarafu kwenye kioo, nami nahesabu tumbo lile dogo likipanda na kushuka. Mtoto wa umri huo akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, ni nimonia hadi ithibitike vinginevyo. Huyu alifika 61. Kifua hakikuwa kinabonyea, midomo haikuwa ya bluu.

Nikatoa amoksilini ya watoto, ile ya kuyeyusha, nikayeyusha cha kwanza kwenye kijiko kwa maziwa aliyoyakamua mama mwenyewe, mtoto akameza akikunja uso. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano, vidonge kumi. Na sasa hivi, nikamwambia, unakwenda naye kituo cha afya, usipitie nyumbani, nikaandika kikaratasi.

Akafungua pindo. Buku na jero.

"Dada, nikatie za hii. Zilizobaki nitazifuata."

Mkasi ulikuwa pale pale, umefungwa kwa kamba yake. Nikamsogezea vyote kumi, nikachukua daftari la madeni, nikaandika: amoksilini ya kuyeyusha, 10, kalipa 1,500, iliyobaki mnada wa pili wa korosho.

"Na mnada ukichelewa?" akauliza.

"Huchelewa kila mwaka," nikamwambia. "Nenda, jua linapanda."